Nyota Kubwa na Wenzi Wake Wadogo



Chagua usiku usio na mawingu wala mbalamwezi. Toka nje ya nyumba yako, utazame juu. Utaona nyota nyingi sana. Zote zinaonekana kama zimebandikwa kwenye dari moja. Nyingine zimesogeleana kama watu wa nyumba moja. Nyingine zimekaa peke yake.

Je, nyota zinazoonekana karibu karibu ni kweli ziko pamoja? Au ni macho yetu tu yanayotudanganya?

Katika somo hili tutajibu swali hilo. Tutaitazama nyota moja kubwa inayong'aa sana, pamoja na nyota ndogo zilizo kando yake. Nyota hiyo kubwa inaitwa Dabarani. Unaweza kuiona kwa macho yako mwenyewe, bila chombo chochote. Lakini nyota ndogo tutakazozitaja haziwezi kuonekana bila darubini. Watu waliozigundua walihitaji subira nyingi. Hata baada ya kuziona, ilichukua miaka mingi kujua ni ipi iliyo mwenzi wa kweli.

1. JINSI YA KUIPATA DABARANI

Huenda unakifahamu Kilimia. Ni kikundi kidogo cha nyota zilizokusanyika kama vifaranga. Watu wengi huona nyota sita. Mwenye macho makali huona saba au zaidi. Jina la Kilimia linatokana na neno kulima. Wakulima wa zamani walikitazama ili kujua wakati wa kutayarisha mashamba. Si sisi tu. Hata Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, na maana yake ni ile ile ya kulima.

Mwanzoni mwa mwezi wa Desemba, saa 2 usiku, tazama upande wa mashariki. Utakiona Kilimia kimekwisha kupanda. Chini yake kidogo utaiona nyota moja kubwa yenye rangi ya wekundu, kama kaa la moto. Hiyo ndiyo Dabarani. Katikati ya mwezi wa Januari, saa 3 usiku, huwa juu sana, karibu na utosi, kwa upande wa kaskazini. Mwezi wa Aprili utaiona magharibi baada ya jua kuzama. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni haionekani kabisa, kwa sababu iko upande mmoja na Jua.

Kuna njia nyingine ya kuipata. Zitafute nyota tatu zilizopangwa katika mstari mmoja mfupi. Watu wengi wanazijua. Fuata mstari huo kuelekea upande wa kusini. Utafika kwenye nyota nyeupe inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Sasa rudi kwenye zile tatu, ufuate mstari kuelekea upande wa kaskazini. Utafika kwenye nyota nyekundu. Hiyo ndiyo Dabarani. Ukiendelea mbele kidogo, utafika kwenye Kilimia.

2. MAANA YA JINA LAKE

Jina Dabarani limetoka katika lugha ya Kiarabu. Maana yake ni "mfuasi," yaani anayefuata nyuma. Inamfuata nani? Inakifuata Kilimia. Kila siku Kilimia huchomoza kwanza. Baada ya robo tatu ya saa hivi, Dabarani nayo huchomoza. Usiku kucha huonekana ikikifuata Kilimia mpaka vyote vinazama magharibi.

Waarabu wa zamani walilitoa jina hilo kwa kutazama kwa macho. Waliona sawasawa. Lakini je, Dabarani inakifuata Kilimia kweli, kama ndama anavyomfuata mama yake? Hapana. Baadaye utaona kwamba vitu hivi viwili viko mbalimbali kabisa. Dunia yetu ndiyo inayozunguka, na kwa sababu hiyo sisi tunaziona nyota zikichomoza na kuzama moja baada ya nyingine.

3. KWA NINI NI NYEKUNDU, NA KWA NINI NI KUBWA

Jua letu ni nyota. Linaonekana kubwa na kali kwa sababu liko karibu nasi. Nyota nyingine ni majua ya mbali.

Umewahi kumtazama mhunzi akifanya kazi? Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu. Kikizidi kupata moto huwa cha manjano. Kikizidi tena huwa cheupe. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Nyota nyekundu haina joto kali kama nyota nyeupe. Uso wa Jua letu una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Uso wa Dabarani una joto la nyuzi 3,600 hivi.

Sasa utauliza: Kama Dabarani haina joto kali kama Jua, kwa nini inang'aa sana hata ikiwa mbali? Jibu ni ukubwa wake. Upana wa Dabarani ni zaidi ya mara 40 ya upana wa Jua. Kaa moja halitoi mwanga mwingi. Lakini tanuri zima la makaa huangaza uwanja wote. Ndiyo maana Dabarani hutoa mwanga mara mia kadhaa kuliko Jua letu.

Dabarani haikuzaliwa na ukubwa huo. Zamani ilikuwa nyota ya kawaida, inayofanana na Jua letu. Nyota hupata nguvu zake kutokana na hewa iitwayo haidrojeni. Katika kiini cha nyota, haidrojeni hugeuka kuwa hewa nyingine iitwayo heliamu, na katika kugeuka huko hutoa joto na mwanga. Hii ni kama akiba ya chakula iliyo ghalani. Hata ghala kubwa, siku moja huisha.

Akiba ya haidrojeni iliyokuwa katika kiini cha Dabarani imekwisha. Kiini kilijikaza na kuwa na joto zaidi. Haidrojeni iliyo nje ya kiini ikaanza kutumika kwa kasi. Tabaka za nje za nyota zikavimba, zikapanuka, zikapoa kidogo na kuwa nyekundu. Nyota iliyofikia hali hiyo huitwa jitu jekundu. Dabarani ni jitu la namna hiyo.

Jua letu nalo litakuwa hivyo. Lakini usihofu. Jambo hilo litatokea baada ya miaka kama bilioni 5, yaani miaka milioni 5,000.

4. NYOTA ZENYE UMBO LA HERUFI V

Ukiitazama Dabarani vizuri, utaona nyota nyingine hafifu kando yake. Zimejipanga kama herufi V iliyolala ubavu. Dabarani yenyewe iko kwenye ncha ya mkono mmoja wa V hiyo. Wagiriki na Waarabu wa zamani waliona hapo kichwa cha ng'ombe dume. V ni uso wake, na Dabarani ni jicho lake. Ndiyo sababu kundi hilo lote la nyota huitwa Ng'ombe.

Mtu yeyote akitazama atasema, "Dabarani ni mkubwa wa familia, na hizi nyota hafifu ni watoto wake." Inaonekana hivyo kabisa. Lakini si kweli.

Fikiri jambo hili. Umesimama mlangoni usiku wa giza. Unaona taa mbili zimekaribiana. Moja ni ya jirani yako, hatua 100 kutoka hapo. Nyingine ni ya kijiji kilicho kilimani, ng'ambo ya bonde. Kwa macho yako, taa hizo ziko bega kwa bega. Lakini ukianza kutembea, utafika kwa jirani upesi. Kwenye ile taa ya pili utafika umechoka.

Dabarani ni taa ya jirani. Nyota za V ni taa za kijiji cha ng'ambo.

Umbali wa nyota ni mkubwa mno. Kwa hiyo wataalamu hawaupimi kwa kilomita. Wanatumia mwendo wa nuru. Nuru husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Nuru ya Jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde chache. Umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima huitwa mwaka wa nuru.

Dabarani iko umbali wa miaka ya nuru 65 hivi. Maana yake ni kwamba nuru unayoiona usiku huu iliondoka huko zaidi ya miaka 60 iliyopita, katika miaka iliyo karibu na uhuru wa Tanganyika wa 1961. Kama basi lingeweza kwenda huko kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa bila kusimama, lingechukua zaidi ya miaka milioni 800.

Nyota za V ziko umbali wa miaka ya nuru 150 hivi. Huo ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa Dabarani. Na Kilimia? Kilimia kiko mbali zaidi, miaka ya nuru 440 hivi.

Tena, nyota za V ni ndugu wa kweli wao kwa wao. Zilizaliwa pamoja katika wingu moja la hewa na vumbi, na mpaka sasa zinasafiri pamoja. Umri wao ni miaka milioni 600 na kidogo. Dabarani ni mzee kuliko wao. Umri wake unapita miaka milioni 6,000. Basi Dabarani si baba yao, wala si ndugu yao. Imesimama tu mbele yao, katika njia ya macho yetu.

5. UMBALI HUPIMWAJE?

Pengine utasema, "Nani amekwenda huko na kamba ya kupimia?" Hilo ni swali zuri. Hakuna aliyekwenda. Njia yenyewe unaweza kuijaribu hapo ulipo.

Jaribu hivi. Nyosha mkono wako mbele. Simamisha kidole kimoja. Funga jicho la kushoto, ukitazame kidole kwa jicho la kulia. Angalia kiko mbele ya kitu gani, labda mti au dirisha. Sasa funga jicho la kulia, ufungue la kushoto. Utaona kidole kimeruka upande. Kidole hakikusogea. Wewe ndiye uliyebadili mahali pa kutazamia.

Sasa lete kidole karibu na pua, ujaribu tena. Kidole kitaruka zaidi. Basi umejifunza kanuni: kitu cha karibu huruka sana, kitu cha mbali huruka kidogo. Mtu akijua nafasi iliyo kati ya macho mawili, na akipima kidole kimeruka kiasi gani, anaweza kupiga hesabu ya umbali wa kidole.

Wataalamu wa nyota hufanya hivyo hivyo. Lakini macho yao mawili ni pande mbili za njia ya Dunia. Dunia huzunguka Jua kwa mwaka mmoja. Leo tuko upande huu wa Jua. Baada ya miezi sita tutakuwa upande wa pili, kilomita milioni 300 kutoka hapa. Wataalamu hupima mahali nyota ilipo leo. Hungoja miezi sita, wakapima tena. Nyota ya karibu huonekana imeruka kidogo mbele ya nyota za mbali.

Mruko huo ni mdogo ajabu. Mruko wa Dabarani ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka umbali wa kilomita 50. Ndiyo maana watu walishindwa kwa karne nyingi. Mwaka 1838 Mjerumani aitwaye Friedrich Bessel alitangaza kwamba ameupima umbali wa nyota moja kwa njia hiyo. Siku hizi vipimo bora hufanywa na vyombo vilivyorushwa angani juu ya hewa ya Dunia. Nchi za Ulaya zilirusha chombo kiitwacho Hipparcos mwaka 1989, na kingine kiitwacho Gaia mwaka 2013.

6. NYOTA NAZO HUTEMBEA

Watu wa zamani walidhani nyota hazibadili nafasi zake hata kidogo. Baba aliziona hivyo, na babu aliziona hivyo hivyo.

Mwaka 1718 Mwingereza aitwaye Edmond Halley aligundua jambo jipya. Alisoma maandishi ya Wagiriki wa kale kuhusu mahali nyota zilipokuwa. Alilinganisha na vipimo vya siku zake. Akaona nyota chache zinazong'aa sana haziko tena mahali palipoandikwa. Mojawapo ilikuwa Dabarani.

Halley alipata ushahidi mwingine. Mwaka 509, katika mji wa Athens, watu walikuwa wameandika kwamba Mwezi ulipita mbele ya Dabarani. Halley alipiga hesabu. Akaona kwamba kama Dabarani ingekuwa mahali ilipo katika siku zake, mambo yasingekuwa kama yalivyoandikwa Athens. Basi nyota ilikuwa imesogea.

Tazama faida ya kuandika! Mtu aliandika alichokiona, akafa. Zaidi ya miaka 1,200 ikapita. Mtu mwingine, wa nchi nyingine, akasoma, akajua jambo ambalo hakuna binadamu angeweza kuliona katika maisha yake peke yake. Dabarani husogea polepole sana machoni petu. Itachukua miaka 9,000 hivi kusogea kiasi cha upana wa Mwezi.

7. NYOTA NDOGO ZILIZO KANDO YA DABARANI

Sasa tumefika kwenye wenzi wadogo wa Dabarani.

Mwaka 1782 William Herschel aliielekeza darubini yake kwenye Dabarani. Herschel alizaliwa Ujerumani, akahamia Uingereza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa muziki. Alijitengenezea darubini kwa mikono yake, na dada yake Caroline alimsaidia kazini. Kando ya Dabarani aliona nyota hafifu ambayo haionekani kwa macho. Nyota hiyo tutaiita nyota ya Herschel.

Karibu miaka 100 baadaye alitokea Mmarekani aitwaye Sherburne Wesley Burnham. Kwa miaka mingi kazi yake ya mchana ilikuwa mwandishi wa mahakama katika mji wa Chicago. Hakusomea elimu ya nyota chuoni. Alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu na kutazama usiku. Burnham aliona vitu viwili. Kwanza, mwaka 1888, aligundua kwamba nyota ya Herschel si moja, bali ni nyota mbili zilizokaribiana sana. Pili, aliona nukta nyingine hafifu zaidi, iliyo karibu zaidi na Dabarani. Hiyo tutaiita nyota ya Burnham.

Kuiona nyota ya Burnham ni kazi ngumu. Dabarani inang'aa zaidi ya mara 100,000 kuliko nyota hiyo. Ni kama kumtafuta kimulimuli aliye karibu na taa kubwa ya gari. Nafasi iliyo kati yao, kwa macho yetu, ni kama sehemu moja ya 60 ya upana wa Mwezi.

Basi kulikuwa na nyota ndogo mbele ya wataalamu. Swali likawa lile lile: Ni ipi mwenzi wa kweli, na ipi ni jirani wa macho tu?

Fikiri umekaa juu ya kilima siku ya soko. Chini unaona watu wengi wamesimama karibu karibu. Huwezi kujua nani amekuja na nani. Lakini ngoja soko limalizike. Watu wawili wakishika njia moja kwa mwendo mmoja, unajua hao wanasafiri pamoja. Mwingine akishika njia yake, unajua alikuwa amesimama tu karibu nao.

Wataalamu walingoja. Walipima mwaka hadi mwaka. Wazee walipoondoka, vijana waliendelea.

Nyota ya Herschel ilishindwa katika mtihani huo. Dabarani ilisogea upande wake, nayo nyota ya Herschel haikuifuata. Nafasi kati yao ikazidi kupanuka. Vipimo vya umbali vikathibitisha. Nyota hiyo, pamoja na pacha wake, iko mbali nyuma ya Dabarani. Ziko katika lile kundi la nyota za V. Zina jamaa zao wenyewe huko, na hazina uhusiano wowote na Dabarani.

Nyota ya Burnham ilikuwa tofauti. Ilisogea upande ule ule na kwa mwendo karibu ule ule wa Dabarani. Miaka ikapita, nafasi kati yao haikupanuka. Baadaye chombo Gaia kilipima umbali wa nyota hiyo ndogo, ukaonekana kuwa karibu sawa na umbali wa Dabarani. Njia ni moja, mwendo ni mmoja, umbali ni mmoja. Kwa hiyo wataalamu wanaamini kwamba hawa wawili wanasafiri pamoja kweli.

Nyota ya Burnham ni nyota ndogo nyekundu. Ni ndogo kuliko Jua letu na mwanga wake ni mdogo sana. Lakini nyota ndogo hutumia akiba yake polepole mno. Siku Dabarani itakapokuwa imezimika, mwenzake mdogo atakuwa bado anawaka.

8. MFANO WA CHUNGWA NA NDIMU

Ili uelewe ukubwa wa vitu hivi, chukua chungwa. Tuseme chungwa hilo ni Jua. Basi Dunia yetu itakuwa punje ndogo ya mchanga, iliyowekwa hatua 10 hivi kutoka kwenye chungwa.

Kwa kipimo hicho hicho, Dabarani itakuwa mpira mkubwa wenye upana wa zaidi ya mita 3. Huo ni upana wa chumba cha kulala. Nyota ya Burnham itakuwa kama ndimu ndogo. Na ndimu hiyo utaiweka wapi? Si mezani. Si uani. Utaipeleka kilomita 5 au zaidi, labda kijiji cha pili.

Hata hivyo chumba na ndimu ni wenzi. Huvutana na kusafiri pamoja. Kumbe wenzi wa kweli wanaweza kuwa mbali, na wasio wenzi wanaweza kuonekana bega kwa bega.

9. FAIDA YA KUJUA MAMBO HAYA

Pengine mtu atauliza, "Mimi ni mkulima. Haya yanisaidie nini?"

Kwanza, nyota ni kalenda. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, Kilimia huchomoza mashariki wakati jua linapozama, na Dabarani hufuata. Mpangilio huo haukosei. Wazee walikuwa na akili walipoutumia kuhesabu majira. Lakini kumbuka kwamba nyota huonyesha wakati wa mwaka tu. Hazileti mvua. Kuna mwaka Kilimia hufika kwa wakati wake na mvua ikachelewa. Kwa hiyo tazama nyota, na pia sikiliza redioni taarifa za hali ya hewa, na umwulize bwana shamba au bibi shamba kabla ya kutupa mbegu ardhini.

Pili, elimu hii hukulinda usidanganywe. Wako watu wanaotoza fedha kwa kusema, "Wewe umezaliwa katika nyota ya Ng'ombe, nayo imeamua mambo yako." Sasa wewe unajua Ng'ombe huyo ni nini. Jicho lake liko umbali wa miaka ya nuru 65. Uso wake uko umbali wa miaka ya nuru 150. Kilimia, kilicho begani kwake, kiko umbali wa miaka ya nuru 440. Nyota hizo hazijawahi kukaa kikao kimoja. Picha ya ng'ombe imo machoni mwetu, kwa sababu tunazitazama kutoka hapa duniani. Ukizitazama kutoka upande mwingine kabisa, ng'ombe hayupo. Je, picha isiyokuwepo itaamuaje kama biashara yako itafaulu, au mtoto wako atapona? Fedha hiyo inunulie mtoto dawa au daftari.

Tatu, tunajifunza namna ya kutafuta ukweli. Wataalamu hawakutosheka na kuona mara moja. Walipima, wakaandika, wakangoja, wakapima tena. Walikuwa tayari kuacha waliyoyadhani mwanzoni. Hata katika mambo ya kijiji njia hiyo inafaa. Kabla ya kusema fulani na fulani wako pamoja kwa jambo fulani, kwa sababu tu ulikuta wamesimama mahali pamoja, ngoja kwanza uone wanashika njia ipi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Dabarani ni jitu jekundu. Upana wake ni zaidi ya mara 40 ya upana wa Jua.
2. Dabarani iko umbali wa miaka ya nuru 65 hivi. Nyota za V ziko umbali wa miaka ya nuru 150 hivi. Kilimia kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi.
3. Nyota ya Herschel inaonekana karibu na Dabarani, lakini si mwenzi wake.
4. Nyota ya Burnham ni ndogo na hafifu, lakini inasafiri pamoja na Dabarani.
5. Wenzi wa kweli hujulikana kwa kupima umbali na mwendo, si kwa kutazama tu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA

1. Jina Dabarani lina maana gani? Kwa nini liliitwa hivyo?
2. Kwa nini Dabarani inang'aa sana ingawa uso wake hauna joto kali kama uso wa Jua?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi umbali wa nyota unavyopimwa. Onyesha kwa kidole.
4. Halley alijuaje kwamba Dabarani imesogea?
5. Nyota ya Herschel na nyota ya Burnham zinatofautiana vipi?
6. Katika kijiji chenu, Kilimia kinaitwaje? Wazee walikitumia kwa kazi gani? Waulizeni, kisha mwandike majibu yao katika daftari la darasa.

KAZI YA NYUMBANI

Usiku wa leo, kama Dabarani iko juu, itafute pamoja na watoto wako. Andika tarehe, saa, na upande uliyoiona. Baada ya wiki mbili, itazame tena saa ile ile. Andika imehamia wapi. Lete daftari lako darasani ulinganishe na wenzako.